Mwaka Niliomvunja Dada Yangu Mkono

Mwezi uliopita tulimzika dada yangu Kwamboka katika makaburi ya Waislamu pale Kisii mjini. Wenyewe walimwita Halima, na kwa jina hilo ndilo walimwombea. Nilisimama nyuma ya safu, kofia mkononi, kwa kuwa mimi ni Msabato na sala yao si yangu, ingawa maneno yake nimeyasikia mara nyingi kuliko baadhi ya vijana waliokuwa mbele yangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa sita na udongo ulikuwa unateleza. Mmoja wa wajukuu zake, kijana mpole mwenye miwani, alinishika kiwiko, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, ni kweli ulikuja hapa zamani kumuua babu yetu?" Nikamwambia ni kweli. Nilikuja kumuua babu yako, na badala yake nikamvunja nyanya yako mkono. Akacheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, kwa sababu nimegundua kwamba jambo hili limekuwa hadithi ya kuchekesha watoto, na anayelijua lilivyokuwa nimebaki peke yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwenye nguvu, na nguvu zenyewe hazikuwa na kazi. Kwamboka alikuwa ameondoka kwetu Nyaramba mwaka uliotangulia kwenda kujifunza kushona mjini, na huko akaolewa na fundi wake, Mnubi aitwaye Juma, akaingia katika dini yao. Habari zilitufikia sokoni, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi, naye alizisema huku akicheka. Sabato iliyofuata mzee wa kanisa alisoma jina la dada yangu mbele ya watu wote kwamba ametolewa. Kaka yetu mkubwa, Ombati, alikaa kwenye benchi akiangalia mikono yake. Tulipofika nyumbani aliingia ndani, akatoka na rungu, akaliweka juu ya meza kati ya sahani ya chinsaga na ya obokima, mboga na ugali wetu wa siku zote. "Mimi nina watoto," aliniambia. "Wewe una miguu." Hakusema nikaue. Alisema tu kwamba hataki kusikia tena jina la huyo fundi. Nimelifikiria neno hilo miaka hamsini. Mtu anaweza kukutuma kuua bila kulitaja neno lenyewe, na wewe ukatembea njia nzima ukidhani ni wazo lako.

Nilitembea kutwa nzima. Nilipofika mtaa wa Wanubi ilikuwa karibu saa kumi, na nyumba sikuitafuta sana kwa sababu kulikuwa na cherehani moja tu barazani. Nakumbuka harufu kabla ya kitu kingine: makaa ya pasi, kahawa ya tangawizi, na mkate wao mwembamba kama karatasi ukipikwa nyuma ya nyumba. Halafu nikasikia sauti ya dada yangu ndani, akisoma kitu polepole, silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, katika lugha nisiyoijua. Ndiyo iliyonimaliza. Kama ningemkuta anafua au anapika labda ningeanza kwa maneno. Juma alikuwa ameketi kwenye mashine, akainuka kunisalimia, mkono ameunyoosha, kwani aliona sura ya mkewe usoni mwangu akajua mimi ni shemeji. Nikampiga rungu la sikio. Alianguka bila sauti. Nilikuwa nimelinyanyua tena Kwamboka alipotoka mbio akasimama katikati yetu, akaniita kwa jina langu, "Nyakundi! Nyakundi, yaya!" yaani hapana kwa lugha yetu. Nikampiga yeye. Paji la uso lilipasuka na damu ikamwagika juu ya kanzu nyeupe iliyokuwa haijamalizwa kushonwa.

Nataka hapa nieleweke. Niliiona ile damu. Sikuwa nimepofuka kwa hasira, kama watu wanavyopenda kusema mbele ya mahakimu. Niliiona, nikajua ni ya nani, na nikanyanyua tena. Aliinua mkono wa kulia kujikinga, na mfupa ulilia kama muwa unapovunjwa gotini.

Majirani walinikuta hapo. Walinipiga kwa mateke, kwa mpini wa jembe, kwa sufuria, na mwanamke mmoja alinimwagia maji ya moto mgongoni. Ngozi ya hapo mpaka leo haina hisia. Nilisikia mtu akisema waniburute hadi shimoni nyuma ya machinjio. Ndipo alipokuja baba yake Juma, Mzee Ramadhani, mtu mrefu, mwembamba, anayechechemea, amevaa koti kuukuu la jeshi juu ya kanzu. Ndiye aliyekuwa akiwasalisha pale. Hakupaza sauti. "Mkimuua," aliwaambia, "mimi ndiye nitakayekwenda kutoa ushahidi. Nitawataja mmoja mmoja." Wakaniacha. Walinifunga kamba wakaniweka stoo, kati ya magunia ya makaa.

Asubuhi alinitoa mwenyewe. Uani palikuwa na watu kumi hivi. Juma alikuwa amekaa ukutani, kichwa kimefungwa kitambaa, anatapika mara kwa mara kwenye beseni. Dada yangu alikuwa kwenye kigoda, mkono umefungwa kwa vijiti vya mianzi, uso umevimba hadi jicho moja halionekani. Mzee alikaa chini, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kambini, taratibu, kana kwamba anampa mtu maelekezo ya njia. Alisema palikuwa na khalifa wa Waislamu, wa pili baada ya Mtume, Sayyidna Umar. Liwali wake kule Misri alikuwa na mwana, na huyo mwana alimchapa mjeledi Mmisri mmoja, mtu wa kawaida asiye Mwislamu, kwa kiburi cha ukoo wake. Mmisri akasafiri mpaka Madina kushtaki. Umar akamwita liwali, akamwita na mwanawe, akampa Mmisri mjeledi, akamwambia ampige aliyempiga. "Hakumwambia msamehe," Mzee Ramadhani alisema. "Kusamehe ni kwa mwenye jeraha. Si kwa khalifa, na si kwangu." Akachukua rungu letu la Nyaramba, akampa Kwamboka katika mkono wa kushoto. "Binti yangu, haki yako hiyo."

Nilidhani atalitupa. Nilimjua dada yangu: alikuwa mtu wa kulia akiona kuku anachinjwa. Akainuka, akaja hadi mbele yangu, akaniuliza kwa Ekegusii, lugha yetu, "Ulikuwa unataka kuniua?" Nikasema sijui. "Hujui," akarudia. Kisha akanipiga mdomoni. Meno mawili yalitoka papo hapo na la tatu nililing'oa mwenyewe baada ya siku mbili. Alilinyanyua rungu tena, akalishikilia hewani muda ambao sitaweza kuueleza, halafu akaliweka chini, akarudi kwenye kigoda, akalia kwa sauti kama watu waliofiwa. Hakuna aliyemnyamazisha.

"Sasa mko sawa kwa maumivu," Mzee Ramadhani alisema. "Kwa kazi bado. Mkono wake ndio unaozungusha cherehani. Mkono wako utazungusha mpaka wake upone." Nilikuwa huru kwenda. Lango lilikuwa wazi, na kamba walikuwa wameshazifungua. Mpaka leo siwezi kusema ni toba iliyonibakiza. Nadhani niliona haya kurudi kwa Ombati bila meno.

Basi nikaingia katika maisha ya nyumba ile. Mashine ilikuwa ya mkono, na kazi yangu ilikuwa kuzungusha mpini wakati Kwamboka akielekeza kitambaa kwa mkono wa kushoto. Tulikaa bega kwa bega kutwa, na kwa wiki tatu za kwanza maneno yake kwangu yalikuwa mawili: "zungusha" na "simama". Juma alikuwa hasikii tena kwa sikio la kulia. Ukimwita kutoka upande huo haitikii, na kila alipokosa kuitikia mimi nilijua ni kazi yangu. Chakula tulikula sinia moja. Mwanzoni nilidhani ni msamaha, kwani kwetu ukimchukia mtu unamtengea chake. Nikaja kufahamu kwamba hawakuwa na sinia ya pili. Jumamosi nilikataa kuzungusha kwa sababu ya Sabato, na Ijumaa mchana Juma alikuwa msikitini, hivyo wateja walisema cherehani ile ina dini mbili na zote mvivu. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona Kwamboka akitabasamu, akalishika shavu kwa maumivu.

Kila alasiri Mzee Ramadhani alikaa kwenye benchi la barazani kupokea watu. Wengine walikuja na mashauri ya ndoa, wengine ugomvi wa mipaka, wengine kahawa tu. Nilisikia yote nikizungusha. Kila shauri alilipima kwa Umar, kama seremala anayepimia futi moja miaka yote. Alikuja mume aliyelalamika kwamba mkewe amemsahihisha mbele ya wageni. Mzee akamwambia kuhusu mwanamke aliyesimama msikitini akampinga khalifa juu ya mahari, na khalifa akakubali mbele ya wote kwamba mwanamke amesema kweli na yeye amekosea. Alisimulia pia jinsi mwaka mmoja njaa ilivyoingia Bara Arabu, Umar akajikataza samli na nyama mpaka watu wote wapate, akala mkate na mafuta hadi rangi ya ngozi yake ikabadilika. Siku nyingine alieleza jinsi watu walivyoogopa aliposhika uongozi, kwa kuwa alikuwa mkali, mrefu, mwenye mkono mzito, mtu aliyepigana mieleka sokoni ujanani. Naye akamwomba Mungu amlainishe. Hapo nilimwuliza, mara yangu ya kwanza kufungua mdomo wenye mapengo, "Na alilainishwa?"

"Ukali haukumtoka," Mzee alisema. "Aliugeuza tu ukamwangalia yeye mwenyewe."

Mzee mwenyewe aliwahi kuwa askari wa Waingereza kule Burma. Siku moja nikimsaidia kubeba maji aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba ameua watu watano anaowajua na wengine asiowajua, na kwamba mmoja alikuwa amejisalimisha, mikono juu. "Yule sikumpiga kwa amri ya mtu," alisema. Akachukua ndoo, akaendelea kuchechemea. Nilikuwa nimemchukulia kuwa mtakatifu, na mtakatifu ni rahisi kumpuuza. Mtu aliyeua na anajua ameua, huyo huwezi kumpuuza.

Mkono wa Kwamboka ulipoanza kupona, vidole vikiweza kushika sindano, siku moja aliniambia bila kuinua macho, "Kuna hadithi moja baba mkwe hajakuambia." Nikauliza ipi. "Ya dada yake Umar." Akanisimulia tukiwa tunashona suruali za shule. Kabla hajawa Mwislamu, Umar alitoka na upanga kwenda kumuua Mtume. Njiani mtu akamwambia atazame kwanza nyumbani kwake: dada yake Fatima na mumewe wameifuata dini hiyo. Akageuza njia. Mlangoni akasikia wanasoma. Akaingia, akampiga shemeji yake, na dada aliposimama katikati akampiga na yeye akamtoa damu. "Halafu?" nikauliza. "Alipoiona damu akasimama," Kwamboka alisema. "Akaona aibu. Akaomba asome kile walichokuwa wakisoma, dada yake akamwambia aoge kwanza. Aliposoma, moyo ukageuka. Kutoka hapo ndipo akawa Umar."

Mkono wangu uliachia mpini. Miezi minne yule mzee alikuwa ameeleza maisha yote ya mtu huyu mbele yangu, njaa yake, hukumu zake, hata kufa kwake, jinsi alivyochomwa kisu akiwa anasalisha alfajiri, na alipouliza ni nani aliyemchoma akamshukuru Mungu kwamba si Mwislamu. Yote aliyasema, akaruka mahali pamoja tu, ili nisiaibike mbele ya wateja. "Mimi sikusimama," nilimwambia dada yangu. Akasema, "Najua." Kisha, baada ya kukata uzi kwa meno: "Zungusha."

Ombati alikuja siku ya soko, mvua za vuli zilipoanza, na wanaume wawili wa kwetu. Kule Nyaramba walikuwa wamesema nimelishwa dawa, kwamba nimekuwa mtumwa wa Wanubi. Ilikuwa alasiri. Uani, Mzee Ramadhani, Juma na majirani wanne walikuwa katika safu, wanasali, mimi nikiwa barazani napiga pasi. Nilimwona kaka yangu akiingia langoni na panga chini ya koti la mvua. Nilimwita. Hakuniangalia. Labda aliyemtaka alikuwa Juma, lakini aliyekuwa mbele ya safu alikuwa Mzee, ameinama paji la uso mkekani, na Ombati alimkata hapo hapo, kati ya shingo na bega, akainua panga akamkata tena mgongoni. Safu ilivunjika. Mmoja wa wanaume wale alimpiga Juma, mwingine akakimbia alipoona damu. Mimi niliruka kutoka barazani na pasi ya makaa mkononi, nikampiga Ombati nayo usoni. Kifuniko kilifunguka, makaa yakamwagika shingoni mwake, ndani ya shati. Alipiga kelele ambazo sijapata kuzisikia kwa mtu mzima. Panga lilianguka. Nikampanda kifuani, nikainua pasi tupu juu ya kichwa chake, chuma bado cha moto kiasi cha kuunguza vidole vyangu. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa damu. Na jingine lilikuwa la mama yetu. Sote watatu tuna macho ya mama.

Nilisimama. Sikusali, wala sikusikia sauti. Nilisimama tu, nikaiweka pasi kando, nikamfunga mikono kwa mkanda wangu huku akinitemea mate.

Nilipogeuka, Mzee alikuwa amelazwa ubavu, na Kwamboka amelibana jeraha kwa furushi la vitambaa vya dukani, lililokuwa limeshalowa. Alikuwa akimwambia Juma amalizie sala. Juma alikataa akilia. Mzee akasema tena, kwa sauti ya askari, na Juma akasimama kwenye mkeka uliojaa damu ya baba yake, akamalizia kwa sura fupi kuliko zote. Kisha Mzee akauliza, "Ni nani amenikata?" Hakuwa ameona, uso wake ulikuwa chini. Nikapiga magoti mbele yake nikasema, "Ni ndugu yangu, Mzee. Ni Ombati."

"Nilisikia sauti yako kabla ya panga," Mzee alisema. "Nilidhani ni wewe." Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu. "Alhamdulillahi. Si wewe."

Aliishi siku mbili. Alimkataza Juma na vijana wa mtaa kwenda Nyaramba. Aliwaambia aliyeua ni mmoja na hukumu ni ya mmoja, na atakayegusa ng'ombe au paa la mtu mwingine asimwombee dua. Walitii, ingawa vijana wawili niliwaona wakinoa mapanga huku wanalia. Siku ya kumwosha sikuruhusiwa kuingia, na haikuwa haki yangu. Nilichota maji kisimani, nikayafikisha mlangoni, ndoo baada ya ndoo, mikono ikayapokea kutoka ndani.

Kesi ilipofika mahakamani, wazee wa ukoo walinijia mara tatu. Walisema kilichohitajika ni mimi kuwa mgonjwa siku hiyo. Kila mtu alijua kwamba mwisho wa Ombati ungeweza kuwa kitanzi, na majirani wale wanne walikuwa wameinama. Aliyeona panga likitoka kotini na kushuka nilikuwa mimi peke yangu. Mama alinitumia ujumbe wa neno moja, jina langu la utotoni. Nilikwenda. Nilieleza nilichoona, na nilipomaliza nikaeleza ambalo sikuulizwa: kwamba mimi nilikuja kwanza, kwamba rungu lilitoka meza ile ile. Wakili wa Ombati alifurahi. Alimwambia jaji kwamba shahidi huyu ni mhalifu anayejisafisha kwa shingo ya ndugu yake. Kwamboka alipopanda kwenye kizimba cha mashahidi, wakili alimgeukia yeye.

"Ni kweli Nyakundi alikuvunja mkono?"

"Ni kweli."

"Ulimshtaki polisi?"

"Hapana."

"Kwa nini? Unamficha?"

Dada yangu alimwangalia kama mtu asiyeelewa swali. "Na mimi nilimpiga," alisema. "Meno yake hayo hayapo, mtazame. Ile kesi iliisha uani kwetu. Hii ndiyo haijaisha." Mkalimani alilazimika kulirudia jibu hilo mara mbili, kwa kuwa jaji alidhani amesikia vibaya.

Ombati hakunyongwa. Alifungwa miaka mingi, akafia ndani. Siku hiyo ya hukumu tulitoka nje, jua la saa saba likituchoma macho. Mama alikuwa amesimama na wanawake wa kwetu kando ya barabara, leso begani. Nilimwendea. Alinitazama, akamtazama Kwamboka na mtandio wake, kisha akageuka akashika njia ya Nyaramba bila kuharakisha, na wale wanawake wakamfuata. Nilimwambia dada yangu arudi nyumbani kwa mumewe, kwamba mimi ndiye niliyempoteza mama na mzigo huo ni wangu.

"Tumempoteza sote wawili," Kwamboka alisema. "Usijifanye uko peke yako."